Bundi Juu ya Tangi la Maji

Karibu mwaka mzima nyumba yetu ya Hail, hapa Maskati, hufungwa kama kopo la jodari. Joto likishapanda, madirisha hayafunguliwi tena, viyoyozi hunguruma vyumba vyote, na aliye sebuleni akimtaka aliye jikoni humpigia simu. Kisha huja jioni moja ambapo Mama husimama uani, akanyoosha mkono kama anayepima maji ya kumkoshea mtoto, akasema, "Khalas, zimeni." Viyoyozi vinazimwa, madirisha yanafunguliwa, na masikio yetu, yaliyokaa miezi ndani ya ngurumo, yanaanza kusikia mambo: paka wa jaani, adhana za misikiti miwili zikipishana, mtoto wa jirani anayekataa kula.

Mwaka jana tulimsikia na bundi.

Nimeanza na viyoyozi kwa makusudi. Hoja yangu nzima imesimama juu ya viyoyozi, na nyumbani kwetu hakuna hata mmoja aliyekubali kuisikiliza mpaka mwisho.

Alilia juu ya paa, kwenye tangi la maji, mara tu baada ya Maghrib. Mlio wenyewe haukuwa wa kutisha. Ulikuwa kama wa paka mchanga anayeuliza swali moja, akanyamaza, akaliuliza tena. Bibi ndiye aliyemsikia kwanza. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani kwa presha ya macho, na la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, hata akawa anatuona kama mtu anayetazama nje kupitia kioo cha bafuni. Lakini masikio yake ni ya msichana.

"Zimeni hiyo televisheni," alisema. "Mnamsikia yule?"

"Yupi, Bibi?"

"Yule."

Jina lake halitajwi ndani ya nyumba yetu. Bibi alikulia Unguja, akaja Maskati mwanamke mzima mwenye watoto, na katika yote aliyoyaacha kule, hili hakuliacha. Utotoni walimtisha kwa babewatoto, bundi mkubwa anayechukua watoto wasiolala. Ukubwani akafundishwa lililo zito zaidi: akilia juu ya nyumba yenye mgonjwa, anamlilia mgonjwa huyo. Na mgonjwa nyumbani kwetu alikuwa mmoja.

"Basi mimi siendi," Bibi alisema, akarudi kukitafuta kikombe chake kwa vidole.

Alikokuwa haendi ni hospitali ya macho, Khuwair ya Kusini, kufanyiwa operesheni ya lile jicho moja lililobaki. Siku ile ya miadi niliihangaikia mimi. Nilipiga simu, nikaenda, nikakaa, nikarudi, nikapiga tena. Daktari alikwisha kusema kwamba likizidi kukomaa kazi itakuwa ngumu zaidi. Na anachokitaka Bibi duniani ni kimoja tu, kuusoma tena msahafu wake. Alikuwa akikaa nao mapajani kila asubuhi, ameufungua, anasoma kwa moyo, na kurasa anazigeuza kwa kukisia. Mara nyingi alikuwa sura nyingine na ukurasa uko sura nyingine. Hakuna aliyemwambia.

Nikageuka kwa Mama. Mama anasimamia idara nzima serikalini. Nimemsikia kwenye simu akimkatalia mkandarasi kwa hoja ambazo mtu angeweza kuzipigia mstari. Nikamwambia, "Mama, sema naye."

"Tumwache kidogo," alisema.

"Kidogo mpaka lini?"

"Mpaka aondoke."

"Nani aondoke?"

Mama akatazama darini. Hakulitaja jina na yeye.

Bibi akataka chumvi itiwe motoni, kwani ndivyo wanavyomfukuza. Tatizo ni kwamba moto nyumbani kwetu haupo. Mkaa wa ubani ulipigwa marufuku tangu zulia lilipoungua, na Mama akanunua chetezo cha umeme, kizuri, cha rangi ya dhahabu. Bibi akachota chumvi kiganjani, akaimwaga yote mle, nayo bado mbichi kwa maji ya mkono wake. Kikalipuka, pa! Umeme ukakatika nyumba nzima. Tulisimama gizani, friji limenyamaza, feni zimenyamaza, na katika ule utulivu ambao Hail haijapata kuwa nao, bundi akalia juu yetu, wazi kabisa, kama aliyekuwa akisubiri tu tumalize kelele.

"Mmemsikia?" Bibi akasema gizani. "Kajibu."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Niliona nina ushahidi, na mtu mwenye ushahidi hajui kukaa kimya.

Shahada yangu niliisomea kaskazini, nchi ya misonobari na baridi, ambako majani yakianza kupukutika kiza kinaingia watu hawajatoka kazini. Majira hayo bundi wadogo wa misitu ile huteremka kusini kufuata panya, na kikundi cha watu wa chuo huenda kuwatega kwa nyavu laini kama nywele, wakawavisha kijipete cha bati mguuni, wakawapima, wakawaachia. Nilijiunga nao kwa sababu nilitaka kumwona karibu ndege niliyelelewa kumwogopa. Nilidhani nimefika kwa watu wasioamini lolote bila kulipima.

Mkuu wa kikundi alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye kofia ya sufi iliyotoboka. Jioni ya kwanza tulipokuwa tukifunga nyavu niliuliza, "Bundi watafika saa ngapi?" Wote wakanigeukia kama niliyetukana. Mzee akanieleza kwa upole kwamba mpaka wa kwanza anase, jina lake halitajwi.

"Kwa nini?"

"Tukimtaja hawaji."

"Una ushahidi gani?"

"Uzoefu."

"Umewahi kumtaja siku moja na kutomtaja siku nyingine, ukalinganisha?"

Alinipa chupa ya chai niishike, akaenda zake.

Basi nikakaa. Niliiacha bahari yenye vuguvugu nikaenda kukaa juu ya kisiki kilichoganda, soksi mbili kila mguu, nikisikiliza kipaza sauti kilichofungwa mtini kikimwita, kwa mlio uliorekodiwa, ndege asiyekuja. Kwenda kutazama bundi, nimekuja kugundua, ni kwenda kutazama miti. Mara kwa mara jani linaanguka na watu wazima wote wanashika pumzi. Jioni ya kwanza hakuja hata mmoja, na nilijua wanamlaumu nani. Nilikasirika peke yangu msitu mzima: nimevuka bahari na mabara kuikimbia nyumba isiyotamka jina la ndege, nimeikuta nyumba nyingine, tena yenye vipimo.

Lakini walikuja, jioni nyingine, na mmoja nikapewa nimshike. Alikuwa mwepesi kama leso iliyokunjwa. Macho yake ya manjano hayakunitazama mimi, yalitazama kitu nyuma yangu, na moyo wake ulikuwa ukipiga upesi hata sikuweza kutenganisha pigo na pigo. Ili kumpima tulimtia kichwa chini ndani ya kopo tupu la maharage, asirushe mabawa, tukaliweka kopo juu ya mizani, miguu yake imechomoza juu kama vijiti. Nilicheka mpaka machozi yakaniganda. Mwenzangu akanichukua video.

Video hiyo ndiyo niliyompelekea Bibi umeme uliporudi. Na kwa kuwa hakuweza kuona, nikakaa karibu yake nikamsimulia mwenyewe, kwa mdomo wangu.

"Hapa nimemshika, Bibi."

"Nani?"

"Yule."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono. Hana lolote. Ndege tu, ana joto, anatetemeka. Yeye ndiye anayetuogopa sisi."

"Na hiyo inayogonga nini?"

"Kopo. Tunamtia ndani tumpime."

"Mnamtiaje?"

"Kichwa chini, asirushe mabawa."

Bibi akanigeukia. Mama, aliyekuwa akikunja nguo, akaacha.

"Yaani," Bibi akasema taratibu, "umemkamata, ukamvisha pete kama bi harusi, ukamtia koponi kichwa chini, ukacheka, ukamwacha aende na hasira zake. Halafu we unaniuliza mimi kaja kutafuta nini hapa?"

"Bibi, yule yuko mbali na hapa. Huyu ni wa jamii nyingine kabisa! Huyu ni wa hapahapa, wa majabalini. Huko Qantab kwenye mawe wamejaa."

"We umetoka huko huko ukafika hapa. Na mabawa huna."

Nilizima video. Nimeshinda midahalo chuoni, na huu ulinishinda.

Hata kabla ya Isha kundi la familia kwenye simu lilikwisha kujaa sauti za shangazi zangu. "Ati kaletwa na nani? Mtoto wa kike kwenda misituni kushikashika midege!" Mwingine, kwa huruma: "Mwacheni, hakujua. Lakini koponi, jamani? Koponi?"

Kesho yake alasiri nilipanda juu ya paa kutafuta ushahidi bora zaidi. Niliupata. Chini ya tangi, upande wa kivuli, palikuwa na vile vidonge anavyotapika bundi, vya manyoya na mifupa ya mijusi, na vingi vilikuwa vikuukuu, vimepauka kwa jua, vinavunjika ukivigusa. Vingine vilikuwa chini ya vumbi la dhoruba ya kiangazi. Ina maana alikuwa pale miezi yote ya joto, akilia kila jioni juu ya vichwa vyetu, na sisi tumejifungia na viyoyozi vyetu hatumsikii. Hakumjia mgonjwa yeyote. Sisi ndio tuliofungua madirisha. Nilivitia ndani ya mfuko, nikateremka mbio, nikavimwaga mezani.

"Haya, tazameni!"

Mama alipiga ukelele. Bibi akauliza, "Nini hicho?" Mama akamwambia. Bibi akaweka mkono kifuani.

"Umeingiza machafu yake ndani ya nyumba?"

Meza ilikoshwa kwa sabuni, kisha kwa siki, kisha ikasomewa. Hoja ya viyoyozi iliishia nusu.

Nikaenda Khuwair kuuliza kama miadi inaweza kusogezwa. Muuguzi wa zamu alikuwa Mkenya, mwanamke mwenye haraka, aliyeniondolea kile Kiarabu changu cha ofisini mara alipojua nasema Kiswahili.

"Nyanya amekataa kwa nini? Anaogopa sindano?"

Nilitaka kusema ndiyo. "Kuna ndege analia juu ya paa."

"Ndege gani?"

"Bundi."

Aliweka kalamu chini. "Woi. Anakaa kwa mti ama kwa nyumba yenyewe?"

"Kwenye tangi la maji."

"Tangi ni yenu?"

"Yetu."

"Aki hata mimi singekuja," alisema. Huyu ni mtu anayewatia watu dawa machoni kutwa nzima. Kisha akainama karibu. "Lakini sikiza. Daktari anaenda likizo. Nyanya akikosa hii siku, anarudi mwisho wa foleni, na hiyo foleni ni ya mwaka ujao. Hilo jicho halitamngoja. Fanya unachofanya, umlete. Mimi nitamwombea."

Njiani nilizungumza na usukani wa gari. Niliuambia kwamba mimi sina ugomvi na bundi. Ugomvi wangu ni na kila mtu aliyesoma, mwenye kazi, mwenye leseni ya udereva, ambaye ukimtajia ndege mdogo anauliza kakaa wapi.

Nyumbani Bibi alikwisha kuamua. "Kama ni wako," aliniambia, "we ndo wa kumwambia. Mimi hanijui. Panda ukamwambie anipishe, na mie ntakwenda."

"Bibi, siwezi kusema na ndege."

"Kumtia koponi uliweza."

Nilikataa. Nilisema nikifanya hivyo nitakuwa namdanganya, na simdanganyi Bibi yangu. Nilisema maneno makubwa kuhusu akili na heshima. Mama akanitazama kwa macho anayomtazamia mkandarasi. Nikaenda kulala na haki yangu yote, na ilikuwa haki isiyo na raha.

Asubuhi nilimkuta Bibi kwenye kiti chake, msahafu mapajani, birika mkononi. Alikuwa akijimiminia chai ya zaatari. Aliikosa shabaha ya kikombe kwa upana wa kidole, chai ikapita ukingoni mwa meza, ikaingia moja kwa moja kwenye ukurasa. Alisikia joto gotini. Akaweka birika chini, akachukua ncha ya kanga yake, akaanza kufuta, haraka, kwa uangalifu mkubwa, akinong'ona astaghfirullah. Alikuwa akifuta ukurasa uliokuwa mkavu.

Nilimshika mkono nikausogeza palipolowa. Akaendelea kufuta.

Jioni ile, baada ya Maghrib, nikapanda juu.

Bibi alisimama chini ya ngazi ya nje, mkono kwenye chuma. Mama alikuwa nyuma yake akijifanya anaanua nguo. Bundi alikuwepo, juu ya mfuniko wa tangi, mfupi, mnene, nyusi nyeupe, na uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.

"Sema kwa sauti nisikie," Bibi akaita.

"Ewe bundi..."

"Usimtaje! Mwamkie kwanza, huna adabu?"

"Assalamu alaikum."

"Hajibu huyo. Endelea."

Dirisha la jirani likafunguka. Nilitamani paa linimeze. "Huyu bibi hapa," nilisema, "ana operesheni."

"Mwambie Khuwair."

"Khuwair. Ya jicho."

"Mwambie sina ugomvi naye."

"Hana ugomvi na wewe."

Bibi akapanda kipandio kimoja. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Mwambie nnakwenda na nnarudi."

Jicho lilikuwa moja. Kama mkono wa daktari ungeteleza, hapakuwa na jingine. Siku zote zile nilikuwa nimelijua jambo hilo na kulieleza vizuri kwa kila mtu, na sikuwahi kumuuliza yeye kama analijua.

"Anakwenda na anarudi," nilimwambia bundi. Nilisema mara mbili, ya pili bila kuambiwa.

Bundi akageuza kichwa, akaniuliza swali lake lilelile.

"Kasemaje?" Bibi akaita.

Nilisema simdanganyi. "Hajasema kitu, Bibi. Kageuka tu."

"Kageukia wapi?"

Nikatazama. "Barabarani."

"Haya basi," alisema, akaanza kurudi ndani. Mpaka leo sijui angesema nini kama angegeukia milimani. Nilimuuliza baadaye, akaniambia nimezidi maswali.

Tulikwenda. Muuguzi wetu alinivuta pembeni Bibi alipokwisha kuingizwa. "Aliondoka?"

"Hata. Jana kalia kama kawaida."

"Nyamaza," alisema. "Usimwambie." Akaingia ndani nyuma ya Bibi, midomo yake ikicheza kwa sala.

Ilikwenda vizuri. Bandeji ilipofunguliwa, kitu cha kwanza Bibi alichomwambia Mama ni kwamba amekonda, na mimi akaniambia nywele zangu zimeharibika huko Ulaya na hakuna aliyethubutu kumwambia yeye. Akaruhusiwa kurudi na matone ya dawa na miwani nyeusi ambayo aliipenda sana. Siku chache baadaye, madirisha yako wazi, tunakunywa kahawa, bundi akalia juu ya tangi. Mama akaganda na kikombe mdomoni.

"Nnataka kumwona," Bibi akasema.

Tukapanda polepole, mimi nyuma yake nimemshika kiuno. Alikuwa pale pale. Kiza kilikuwa hakijaingia sawasawa. Bibi akavua miwani, akamtazama, akasogeza kichwa upande, na bundi naye akasogeza chake.

"Huyu?"

"Huyu."

"Maisha yangu yote sijapata kumwona. Nnamsikia tu. Mdogo hivi?" Akamtazama tena. "Kama huyu ndo ulimtia koponi?"

"Kama huyu."

"Una roho ngumu, we mtoto."

Niliona nafasi yangu. "Basi umeona mwenyewe, Bibi. Hana neno. Analia kila siku na wewe mzima."

"Mzima kwa sababu ulimwambia."

"Bibi, viyoyozi..."

Hakuwa akinisikiliza. Macho yalikwisha kumpita bundi, yako barabarani, ambako gari la maji la buluu lilikuwa limesimama kwa jirani. Ubavuni limeandikwa kwa Kiarabu, herufi kubwa nyeupe zilizochubuka. Bibi alizisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama mtoto wa chuo cha Kurani: maji yanayofaa kunywewa. Alipofika mwisho alianza tena mwanzo, safari hii bila kusita. Dereva akatazama juu kuona nani anamsomea gari lake.

"Teremka," Bibi akaniambia bila kugeuka, "kanletee msahafu wangu, kabla mwanga haujesha."

Nikateremka mbio.